Paa la Mkulo na Vitunguu vya Foamu

Al-Sulay, Riyadh
Ijumaa, baada ya kufua

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuamkia kwanza, na salamu nazitanguliza makusudi, maana nikianza na lililonishikisha kalamu utadhani mwanao alilelewa porini. Magoti yanasemaje na baridi ya huko? Mdogo wangu Neema aliniambia umerudia kupanda hadi shamba la juu kuchuma maharage. Nikamwambia akukataze, akanicheka. Yule ng'ombe wa mabaka, je, amezaa? Mimi mwili hauna ugonjwa. Ninakula, ninalala, na kichwa hakiniumi isipokuwa kwa hili nitakalolisema.

Nimeandika kwa mkono, wala si kwamba simu imeharibika. Nikikutumia ujumbe wa sauti najua utakavyofanya: utamsikilizisha mke wa Mchungaji, na kabla chai haijapoa kwaya nzima imeshausikia. Barua utaisoma peke yako kwanza, dirishani, miwani ikiwa puani. Anayeileta ni Rashidi, dereva mwenzetu, mtu wa Muheza, anakuja likizo. Atampa Neema pale stendi ya Lushoto, pamoja na mfuko mweusi uliofungwa kwa kamba. Mfuko huo usiufungue mpaka umalize kusoma. Nakuomba sana, maana nakujua.

Ujumbe wako niliusikiliza tena na tena. Ulisema: "Yoeli mwanangu, Bwana ametujibu. Kamati ya ujenzi imekaa, imeona picha zako, imekubali kwa kauli moja. Paa la zamani linashushwa kabla ya masika, na kanisa letu litapata makuba kama yale uliyowajengea Warusi. Nimesimama mbele ya usharika nikasema, mjenzi tunaye, nimemzaa mimi." Nyuma yako watu wakapiga vigelegele.

Wakati ule nilikuwa nakula wali wa kambini, ule unaonuka mafuta ya juzi. Niliposikia vigelegele, tonge lilikuwa bado mdomoni. Nikaenda kulitema. Wenzangu wakadhani ni chakula, wakaacha kula nao, na kwa hilo angalau niliwasaidia.

Mama, sikuwajengea Warusi. Hakuna Mrusi aliyeniomba kitu. Kampuni tunayofanyia kazi ina godauni hapa Al-Sulay, na shughuli yake ni kutengeneza vitu vya kuigiza vya kwenye maonyesho. Majira ya baridi watu wa mjini hutengenezewa uwanja wa starehe, kila nchi na kona yake: kona hii Uchina, kona ile India, wanakula, wanapiga picha, wanarudi nyumbani wakisema wametembea dunia. Sisi tulipewa kona ya Urusi. Na yale makuba uliyoyaona yanang'aa ni ya foamu. Ni ile nyeupe inayokuja imekumbatia televisheni ndani ya boksi, ile ambayo Neema aliivunjavunja akamtandikia kuku. Ndiyo hiyo hiyo.

Inaletwa kwa vipande vikubwa kama magodoro. Tunaikata kwa waya uliowashwa umeme mpaka ukawa mwekundu, na moshi wake unakaa kooni hadi kesho yake. Ukitema mate unaonja plastiki. Kila kuba linakatwa kama pande za chungwa, pande zinabandikwa kwa gundi, tunakwangua, tunalivisha kitambaa cha faiba, tunapaka gundi nyingine inayonuka kuliko ya kwanza, kisha rangi. Pale pande zilipokataa kukutana tulijaza magazeti. Nzi walionasa kwenye gundi tuliwapaka rangi humo humo, wamo mpaka leo, wamekuwa wa dhahabu.

Kwa mtu aliye mbali linapendeza, sikatai. Ndiyo maana jioni ya ufunguzi, taa zilipowashwa, nilimwambia Rashidi anipige picha nimesimama chini yake. Nikamtumia Neema aone kazi ninayoifanya. Neema akaitupia kwenye kundi la kwaya. Yaliyofuata unayajua kuliko mimi.

Nilijaribu kusema, Mama. Kuba la tatu lilikuwa limepinda shingo, limetazama pembeni kama mtu aliyelala vibaya. Nikamfuata msimamizi wetu, Mmisri anayeitwa Sabri, nikamwonyesha. Hakunyanyua macho kwenye simu yake.

"Mafi mushkila," akasema. Maana yake hakuna tatizo. "Watu wanapiga picha kwa mbele."

"Na wakizunguka nyuma?"

"Nyuma kuna vyoo. Yalla, kazi."

Na kweli nyuma kulikuwa na vyoo.

Kwenye picha tuliyopewa ya kuiga, kila kuba lilikuwa na msalaba. Tukaambiwa usiwekwe, na neno kanisa lisitajwe, tuite kasri. Hilo sikulishangaa. Nchi ina utaratibu wake na mimi ni mgeni, na mgeni hapangi vyombo vya mwenyeji. Kilichonitia kinyaa ni walichokiweka badala yake. Sabri alikwenda dukani akarudi na mipira ya plastiki ya watoto, mmoja ukiwa bado na picha ya samaki anayecheka, akaipulizia rangi ya dhahabu, akaichomeka juu. Jua likipiga sana rangi ilikuwa ikififia na yule samaki anaanza kuonekana.

Basi nikadhani na huko Urusi kwenyewe ndivyo walivyo, watu wa kupenda mapambo, wanaopaka kanisa rangi kama keki ya harusi. Niliwadharau, sikufichi. Mpaka alipoletwa Galina.

Galina ni mama wa makamo, mfupi, Mrusi, mchoraji. Alikuja kuchora maua na mistari kwenye kuta zetu za mbao nyembamba. Siku aliyofika alilishika kuba kwa viganja viwili, akaligonga kwa kifundo cha kidole, likalia kama boksi tupu. Akatoka nje, akavuta sigara. Aliporudi akaniuliza kwa Kiingereza chake kibovu, nami nikamsikia kwa changu kibovu:

"Wewe ni fundi wa nini?"

"Seremala."

"Basi na wewe inakuuma."

Tangu hapo tukawa tunakunywa chai pamoja nyuma ya godauni, yeye juu ya ndoo ya rangi, mimi juu ya kipande cha foamu kilichokuwa kikilialia kila nikijitikisa. Alinifundisha mambo ambayo natamani Baba angekuwapo ayasikie.

Alianza kwa kuniambia kwamba umbo lile la kitunguu si pambo. Kwao theluji inaanguka miezi na miezi, na theluji ina uzito, inabonyeza paa la bapa mpaka linaingia ndani. Kuba lililofura tumboni na kuchongoka juu halina pa kuiweka. Theluji inateleza yenyewe ikaenda zake. Lakini wapo wanaosema si hivyo, kwamba umbo lile ni mwali wa mshumaa, kanisa zima limewashwa linaomba. Nikamuuliza lipi ni la kweli, theluji au mshumaa.

"Bibi yangu angekujibu mshumaa," akasema. "Babu yangu angekujibu theluji. Walikaa kwenye ndoa mpaka uzee, hawakugombana kwa hilo."

Na idadi yake haiwi ya kubahatisha. Kuba moja ni la Bwana. Matatu ni Utatu. Matano ni Yesu na wainjilisti wanne, lake likiwa katikati na kubwa kuliko yote. Kumi na matatu ni Yesu na mitume wake. Rangi nazo zinasema: ya dhahabu ni utukufu wa mbinguni, na yale ya buluu yenye nyota mara nyingi ni ya kanisa la Bikira Mariamu. Sisi tulijenga manne, Mama. Manne, kwa sababu jukwaa liliishia hapo. Galina alipoyahesabu alifumba macho, akaomba chai nyingine.

Akanionyesha kwenye simu lile kanisa kuu la Moscow, ambalo ndilo tulilokuwa tukiliigiza. Si jengo moja. Ni makanisa madogo mengi yaliyosongamana juu ya msingi mmoja, kila moja na shingo yake na kuba lake, na huwezi kupata mawili yaliyofanana. Hili lina mistari inayojisokota, lile lina magamba, jingine lina vijimeno kama nanasi. Na katikati hakuna kuba kubwa la kuwatawala wenzake, kuna mnara uliochongoka kama hema, na kichwani mwake kitunguu kidogo tu cha dhahabu. Ukilitazama kwa haraka unaona fujo. Ukitulia nalo unaona kila moja limempisha mwenzake, kama sauti nne za kwaya yenu siku ambayo mama Eliza hajaamua kuwazidi wote. Wanasimulia kwamba mfalme alipoliona limekamilika aliamuru wajenzi watobolewe macho, wasije wakajenga la pili. Galina anasema hiyo ni hadithi tu ya kutishia watoto. Nikamwambia sisi macho yetu yako salama kabisa, hakuna atakayeogopa tujenge la pili.

Lakini lililonishika si lile la rangi. Ni makanisa ya mbao ya kwao kaskazini, kwenye mito. Hayo ndiyo yaliyonifanya nikasahau chai ikapoa. Ni magogo mazima, yamelazwa moja juu ya jingine, kwenye kona yamechongwa yakaumana kama vidole vya mikono miwili, na misumari utaitafuta. Makuba yamepanda ngazi kwa ngazi mpaka juu, na kila kuba limevikwa vigae vidogo vya mbao vilivyochongwa ncha kimoja kimoja kwa shoka. Mti wake ukiutazama mbichi hauna maana yoyote, kwetu ungeukatia kuni. Ukishapigwa na mvua na jua miaka kadhaa unageuka fedha. Siyo kupakwa, Mama. Unageuka wenyewe. Na vimepangwa hivi kwamba maji ya kuba la juu yanamwagikia la chini yake, la chini linayapokea linayapeleka kwa linalofuata, mpaka yanafika ardhini bila tone moja kupata pa kulala.

Nikamuuliza kwa nini shoka na si msumeno. Akaniambia babu yake alikuwa seremala wa makanisa hayo, na alimweleza kwamba shoka linaifunga nyama ya mti, lakini msumeno unaiacha wazi inywe maji. Unakumbuka Baba alivyokuwa akimfokea kila mwanafunzi aliyekimbilia msumeno? Maneno ni yale yale. Yule mzee wa kwenye theluji na Baba yangu wa kwenye ukungu, hawakuwahi kuonana wala kusikiana, na wote wawili walikuwa wakifoka jambo moja.

Ndipo na mimi nikamwonyesha kanisa letu. Nilikuwa na ile picha ya siku tulipomzika Baba, watu wametoka wamesimama nje kwenye manyunyu. Galina hakuwatazama watu. Alikuza picha kwa vidole akaenda moja kwa moja kwenye paa.

"Limesimama wima sana," akasema.

"Kwetu ukungu unakaa wiki nzima haujaondoka. Na mvua inakuja kwa ubavu."

"Mti gani?"

"Mkulo. Babu yangu na wenzake waliukata msituni, wakaubeba mabegani. Kenchi za paa zimefungwa kwa vigingi vya mti."

Akazitazama zile ncha za boriti zinazotokeza nje ya ukuta, zile ambazo babu alizichonga pua kama za kondoo. Alizitazama muda mrefu. Kisha akanirudishia simu.

"Usiruhusu mtu aliguse," akasema. "Kijijini kwetu walishusha letu, ili wajenge la kisasa. La kisasa halikujengwa. Sasa siku ya sikukuu tunapanda basi kwenda kuangalia kanisa la kijiji cha watu."

Nilimwambia kwetu hawezi kutokea mtu wa kulishusha. Nilisema hivyo kwa kujiamini, Mama, na sikukusudia kumdanganya. Ukiwa mbali unadhani nyumbani kumesimama vile vile ulivyokuacha.

Sasa nikusimulie mwisho wa yale makuba, maana picha ya mwisho wake Neema hanayo.

Maonyesho ya Riyadh yalipofungwa tuliambiwa halas, yaani imekwisha, yapakieni, yanakwenda Jeddah. Tukayapakia kwenye malori, Rashidi akiendesha moja, tukayasimamisha tena karibu na bahari. Riyadh ni kukavu, uwongo unakaa. Jeddah hewa ina chumvi na unyevunyevu, shati linakulowea kabla hujafunga vifungo. Wiki haikupita makuba yakaanza kutoa malengelenge. Rangi ilikuwa inabanduka ngozi kwa ngozi kama mguu wenye fangasi. Chini yake walipanga wachuuzi wa viazi vya kukaanga, moshi wa mafuta ukapanda ukaganda kwenye dhahabu, ikawa ya kahawia, inanata. Watu wakimaliza kutafuna ubani wanaubandika kwenye shingo ya kuba. Mwingine alichoma shimo kwa sigara ili aone ndani kuna nini, na aliyefuata akalipanua. Mimi na mpwa wa Sabri tulikuwa tunazunguka na ndoo kuziba mashimo, na ndani ya mashimo tulikuwa tunakuta mifupa ya kuku.

Siku moja alisimama pale dada mmoja Mkenya, mfanyakazi wa ndani huko Al-Rawdah, ameshika watoto wa madam wake mkono huku na huku. Aliingiza kidole kwenye shimo, akakitoa na punje nyeupe, akanusa.

"Kumbe ni box ya TV," akaniambia aliponisikia naongea Kiswahili. "Na madam amelipa ticket watoto waone Russia. Si hii ni aibu, bro? Wewe ndiye uliijenga?"

Nikamjibu kwamba mimi ni mpita njia. Hilo ndilo neno nililompa, Mama, na lilitoka bila kufikiri.

Upepo ulikuja jioni ile ile kutoka baharini, wala haukuwa upepo wa kutisha. Huko kwetu usingemwamsha paka. Lile kuba lililopinda shingo likajitikisa, likapasuka kwenye ule mshono wa magazeti, na pande zima likakatika. Foamu ikasagika hewani ikawa punje, punje zikawashukia watu. Watoto wakaruka kwa furaha wakipiga kelele, "Thalj! Thalj!", yaani theluji. Wakawa wanazikinga kwa viganja. Punje zilianguka kwenye karai la viazi zikayeyuka zikanuka, zilianguka kwenye vikombe vya kahawa, zilikwama kwenye nywele za watu na kwenye macho. Sabri alikuwa anapiga picha. Galina, ambaye naye aliletwa huko kutia rangi viraka, alisimama kando yangu na brashi mkononi.

"Angalau limeonana na theluji," akasema. Kisha akanikabidhi brashi, akaenda hotelini kufunga mizigo. Sijamwona tena.

Yaliyobaki tuliyarudisha hapa Al-Sulay, tukayatupa nyuma ya godauni. Yako huko sasa hivi ninavyoandika. Panya wamezaa ndani ya kuba la buluu na paka wamewafuata humo humo, na harufu usiniulize. Mpira wa samaki umebaki juu, samaki wote anaonekana, anacheka. Kila nikienda chooni napita hapo nimeziba pua. Ndiyo makuba mliyoyapigia vigelegele.

Na si kwamba nataka kuwazuia msipate kizuri, Mama. Kizuri mnacho, ndicho mnachotaka kukishusha. Wale Warusi walitazama mbingu yao inawaletea nini, wakaipa paa linaloijibu. Babu na wenzake walitazama mbingu yetu, wakafanya hivyo hivyo, kwa mti wa kwetu. Sasa ninyi mnataka kuweka kitunguu mahali pasipo na theluji, na kukitengeneza kwa kitu ambacho hata kwenye jua tupu kimeshindwa. Masika moja tu, Mama. Ukungu utakaa juu yake wiki ya kwanza, ya pili mtaanza kuokota vipande kwenye kaburi la Baba, maana liko upande upepo unakoelekea.

Mtasema paa linavuja. Najua linavuja, na najua wapi. Ni ile kona ya magharibi, juu ya benchi la wazee, mahali paa la sakristia linapokutana na paa kubwa. Bati la pale limetoboka na maji yameingia kwenye ncha ya kenchi moja. Moja tu. Baba alikuwa akipanda kila mwaka kabla ya masika, anaondoa majani yaliyoziba, anaangalia vigingi, anashuka analalamika kiuno. Tangu alipokufa nani amepanda? Mchungaji anapita chini, anaona ndoo, anasema kanisa limechoka. Kanisa halijachoka. Limekosa mtu wa kulipandia.

Kwa hiyo nakuomba hili, na kama mtoto anaweza kumpigia mzazi magoti kwa karatasi basi nimeshapiga: nenda kwa Mchungaji kabla ya kikao kijacho, umwambie mjenzi uliyemtangaza amekataa. Usiseme ana kazi nyingi. Usiseme anaomba muda. Sema amekataa. Wafunike ile kona kwa turubai, wakaze kwa mawe, wasubiri. Kafili, yule mdhamini wangu wa kazi huku, amekubali likizo yangu na pasipoti nimeahidiwa. Nitakuja baada ya sikukuu ya wenzetu ya kumaliza mfungo. Nitapanda mimi. Ile ncha iliyooza nitaikata na kuunga nyingine, kwa mkulo kama utapatikana kihalali, na usipopatikana tutatafuta mti mwingine mgumu. Na nitachonga kwa shoka.

Kuna jambo moja nimesita kulisema tangu mwanzo. Niliposikiliza ujumbe wako mara ya mwisho, niliacha kusikiliza vigelegele nikasikiliza sauti yako. Sijakusikia na sauti ile tangu kabla ya msiba. Nikaelewa. Hukutaka kuba, Mama. Ulitaka watu wakipanda kile kilima waone kitu cha mwanao, kwa sababu mwanao mwenyewe hawamwoni. Hilo limenichoma kuliko yote, na ndiyo maana nina hasira, maana kitu kilichokupa furaha ile ni takataka. Sikukasirikii wewe. Ukinikasirikia wewe kwa kukuaibisha mbele ya usharika, nitakuelewa, na nikifika utanisema jikoni nikiwa nimeinamisha kichwa kama zamani.

Nisalimie Neema, umwambie kuanzia leo picha zangu ni za kuangaliwa na yeye tu. Nisalimie Mchungaji, asinichukie. Msalimie shangazi wa kwenye duka la tangawizi, na mama Eliza na sauti yake yote. Mjomba aliyechimba kaburi la Baba mwambie nitamletea koti. Yule bibi wa jirani anayenidai barua tangu nilipoondoka, msomee hii, lakini ruka pale nilipotema chakula.

Kaa na amani ya Bwana, na usipande shamba la juu.

Ni mimi uliyenizaa, seremala, mtoto wa seremala,

Yoeli

Haya, sasa fungua mfuko. Ni pande la kuba la dhahabu, nilichagua ambalo panya hawajalifikia, nikalifuta mafuta. Linang'aa, eti? Libonyeze kwa kidole gumba, taratibu tu. Kisha lipeleke kikaoni, liwekwe mezani kabla ya sala ya kufungua, na kila mjumbe alibonyeze kwa kidole chake. Halafu jioni mkienda mazoezi ya kwaya, ibonyeze ile nguzo ya mkulo unayosimama karibu nayo siku zote.